Habari za Mtoto Wako Zikiingia Katika Utafiti: Faida na Tahadhari

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Chambua mboga zako, mnyonyeshe mtoto, lakini sikio lako nipe mimi.

Leo hatuzungumzi juu ya ugonjwa. Tunazungumza juu ya habari zako: uzito wa mtoto, damu aliyotolewa, majibu ya vipimo, na yale unayomweleza muuguzi mlango ukiwa umefungwa. Mara nyingine watafiti huja wakaomba habari hizo. Wakishazikusanya, siku hizi huhimizwa pia wasizifungie kabatini, bali wawafungulie watafiti wengine wa nchi yoyote ili nao wazitumie. Je, hilo ni jambo jema au ni la kuogopwa? Nitakujibu kwa kukusimulia historia, maana jambo hili limewahi kuokoa watoto wengi, na limewahi pia kuumiza watu.

Mama aliyeacha kuja kliniki

Naanza na niliyoyaona mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini, watafiti walifika katika eneo nililokuwa nikihudumu. Walieleza vizuri, akina mama wakakubali, na kila mmoja akaahidiwa kwamba jina lake halitaandikwa popote. Miezi kadhaa baadaye ripoti ilitolewa, na sehemu yake ikasomwa mbele ya watu katika baraza. Ni kweli, jina la mtu halikutajwa. Lakini ilisemwa kwamba mama mmoja wa kijiji fulani, aliyezaa pacha mara mbili, alikuwa na ugonjwa fulani.

Mpendwa msikilizaji, katika kijiji kile mama aliyezaa pacha mara mbili alikuwa mmoja tu.

Mama yule hakuonekana kliniki tena. Pacha wake wadogo walifika miezi tisa, wakati wa chanjo ya surua, wakapitwa. Nikamfuata nyumbani. Alinikaribisha, akanipa kiti, kisha akaniuliza, "Sista, si mlisema jina langu halitaandikwa?"

Nikamjibu, "Halikuandikwa, mama."

Akasema, "Basi mbona hata mama mkwe wangu anajua?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma juu ya jambo hili, na ninayokueleza leo ni katika yale niliyojifunza.

Sindano iliyochelewa miaka 17

Tuanze na faida, na twende mbali kidogo, New Zealand. Huko, mwaka 1969, daktari aitwaye Graham Liggins alikuwa akifanya utafiti juu ya kondoo. Aliona jambo la ajabu. Wanakondoo waliopewa dawa ya aina ya steroidi wakiwa bado tumboni, hata walipozaliwa kabla ya siku zao, waliweza kupumua, ingawa kwa umri wao mapafu hayakupaswa kuwa tayari. Akishirikiana na daktari wa watoto, Ross Howie, walijaribu sindano hiyo kwa akina mama waliokaribia kujifungua mapema. Mwaka 1972 walichapisha matokeo yao: watoto wa akina mama waliodungwa sindano hawakupata shida ya kupumua kama wengine, na waliofariki walikuwa wachache zaidi.

Unajua mtoto njiti anavyohangaika kupumua. Mbavu zinaingia ndani, pua inapanuka, midomo inageuka rangi. Kwa hiyo ungedhani habari ile ingepokelewa mara moja katika kila wodi ya uzazi. Haikuwa hivyo. Madaktari wa nchi mbalimbali walifanya majaribio yao, lakini kila jaribio lilikuwa dogo. Jingine lilisema dawa inasaidia, jingine likasema hatuna hakika. Kila kikundi kilikaa na hesabu zake. Daktari aliyesoma jaribio moja tu aliona shaka, akaacha kuitumia.

Ni kama akina mama saba ambao kila mmoja amefunga senti zake katika pembe ya leso. Hakuna hata mmoja anayeweza kununua mbuzi. Wakiziweka pamoja katika chama, mbuzi ananunuliwa siku hiyo hiyo.

Hesabu za majaribio yale hazikuchapishwa zikiwa zimewekwa pamoja mpaka mwaka 1989. Ndipo picha ikaonekana wazi: sindano ile ilipunguza hatari ya mtoto njiti kufariki kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50. Tangu jaribio la kwanza kuchapishwa ilikuwa imepita miaka 17. Inakadiriwa kwamba katika kuchelewa huko, makumi ya maelfu ya watoto waliozaliwa mapema waliteseka na kufa bila sababu. Dawa ilikuwepo, na ushahidi ulikuwepo. Ulikuwa umetawanyika tu.

Mwaka 1993 wataalamu walianzisha shirika la kukusanya matokeo ya majaribio ya matibabu na kuyaweka pamoja. Liliitwa Cochrane, kwa kumkumbuka daktari Mwingereza Archie Cochrane, aliyekuwa amelaumu sana mtawanyiko huo. Nembo ya shirika hilo mpaka leo ni mchoro wa majaribio ya sindano ile, ili watu wasisahau watoto wale.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Majaribio mengi ya awali yalifanywa katika hospitali zenye vifaa vingi. Je, kwetu ingekuwaje? Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwemo, ambapo sindano ilisambazwa hata katika vituo vidogo. Ajabu ni kwamba haikupunguza vifo vya wale watoto wadogo zaidi, na ukihesabu watoto wote, vifo viliongezeka kidogo. Watafiti hawakuficha matokeo hayo machungu. Waliyaweka wazi, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani likaandaa utafiti mwingine wa uangalifu zaidi katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Kati ya watoto ambao mama zao walidungwa dawa, walifariki karibu 20 katika kila 100. Kati ya wale ambao mama zao walidungwa sindano isiyo na dawa, walifariki karibu 24 katika kila 100. Basi ikajulikana: sindano inaokoa, lakini ikitolewa hospitalini, daktari akiwa na hakika ya umri wa mimba, na mtoto akipata huduma nzuri akizaliwa.

Kwa hiyo mama, sindano hii si ya kutafuta katika duka la dawa. Ukipata uchungu, au maji yakivunjika kabla ya siku zako, kimbilia hospitali. Na ujue kwamba katika ujuzi utakaotumiwa kukusaidia mna mchango wa mama Mkenya aliyekubali habari zake na za mtoto wake zihesabiwe.

Chandarua juu ya kitanda chako

Mfano mwingine uko nyumbani kwako. Kati ya mwaka 1993 na 1995, huko Kilifi, familia zilikubali kushiriki katika utafiti wa vyandarua vilivyotiwa dawa. Vifo vya watoto wa umri wa mwezi mmoja mpaka miezi 59 vilipungua kwa karibu thuluthi moja. Tafiti kama hizo zilifanywa pia Gambia, Ghana na Burkina Faso. Hesabu za nchi hizo zilipowekwa pamoja, shaka iliondoka. Mwaka 2006 Kenya iligawa zaidi ya vyandarua milioni 3 bila malipo kwa ajili ya watoto wadogo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kijiji kimoja peke yake kisingeweza kuishawishi dunia.

Anayetoa habari naye apate haki yake

Sote tunaikumbuka korona. Tarehe 11 Januari 2020 wanasayansi, wakiongozwa na Zhang Yongzhen wa China akishirikiana na Edward Holmes wa Australia, waliweka wazi kwa dunia nzima maelezo ya chembe za urithi za kirusi kile. Hawakuomba malipo. Watengenezaji wa chanjo walianza kazi siku hizo hizo, na kabla ya mwaka kwisha, tarehe 8 Desemba 2020, Uingereza ilianza kuwachanja watu wake. Hakuna chanjo ya ugonjwa mpya iliyowahi kupatikana haraka hivyo.

Hata hivyo, hapa ndipo tahadhari ya kwanza inapoingia. Sisi Kenya tulipokea shehena ya kwanza ya chanjo tarehe 3 Machi 2021, na kwa miezi mingi dozi zilikuwa chache. Kisha Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waligundua aina mpya ya kirusi, ile iliyoitwa Omicron, wakaitangazia dunia bila kuchelewa. Shukrani waliyopata ni kufungiwa safari za ndege na nchi nyingi, ndani ya siku chache tu.

Jirani akikuonya kwamba amemwona nyoka uani, kisha wewe ukamfungia mlango, kesho akimwona nyoka mwingine atakuambia? Kushirikiana kunataka haki. Anayetoa habari asiwe wa mwisho kupata dawa, wala asiadhibiwe kwa kusema kweli.

Mama Henrietta

Sasa tuje kwa mama mmoja, maana nyuma ya hesabu hizi zote kuna watu.

Henrietta Lacks alikuwa mama Mmarekani mweusi, mwenye watoto watano. Mwaka 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore akiwa anatokwa na damu. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Wakati wa matibabu, madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake kwa ajili ya utafiti. Hawakumwomba ruhusa. Siku zile haikuwa desturi kuomba. Alifariki Oktoba 1951, akiwa na umri wa miaka 31.

Lakini seli zake hazikufa. Ziliendelea kukua katika maabara kuliko seli zozote zilizotangulia. Daktari George Gey aliwagawia watafiti wengine bila malipo, na zikaenea duniani kwa jina la HeLa, kutokana na herufi za kwanza za majina yake. Zilitumika katika kupima chanjo ya polio. Katika miaka ya 1980 kundi la Harald zur Hausen wa Ujerumani lilionyesha kwamba ndani ya seli hizo mlikuwa na kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Ujuzi juu ya kirusi hicho ndio uliozaa chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Saratani iliyomuua mama yule sasa inaweza kuzuiwa kwa binti yako.

Je, watoto wake walijua? Hawakujua lolote kwa zaidi ya miaka 20. Wengine walifanya biashara ya seli zile, na kwa miaka mingi familia yake haikushirikishwa katika faida hiyo. Kisha mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walisoma maelezo yote ya chembe za urithi za seli zile, wakayaweka wazi mtu yeyote ayaone. Hakuna sheria waliyovunja. Lakini chembe za urithi si za mtu mmoja. Mtoto hurithi kwa mama, na mjukuu kwa nyanya. Kumfunua Henrietta kulikuwa kuwafunua wajukuu wake walio hai, pamoja na magonjwa wanayoweza kurithi. Familia ililalamika, na maelezo yakaondolewa.

Yaliyofuata ndiyo yanayonipa matumaini. Wajukuu hawakusema utafiti usimamishwe. Waliketi na wakuu wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, na mwezi Agosti 2013 wakaafikiana. Maelezo yangehifadhiwa mahali penye mlango na ufunguo. Mtafiti anayeyataka angeomba kwanza na kueleza kazi yake, na katika kamati ya kuamua wangekuwemo watu wawili wa familia ya Lacks. Utafiti ukaendelea, na wenye mali wakapata kauli.

Kuondoa jina hakutoshi

Wengi hudhani kwamba jina likifutwa, siri imefichika. Mama wa pacha alinifundisha kwamba si hivyo, na baadaye nikasoma kwamba wakubwa pia waliwahi kufundishwa somo hilo.

Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts huko Marekani liliwapa watafiti rekodi za matibabu za wafanyakazi wake. Majina yalikuwa yameondolewa, na gavana William Weld akawahakikishia wananchi kwamba wako salama. Mwanafunzi mmoja, Latanya Sweeney, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na mtaa. Kwa vitu hivyo vitatu tu alipata rekodi ya gavana mwenyewe, akampelekea ofisini.

Ikiwa gavana katika jimbo lenye mamilioni ya watu alijulikana, sembuse mama katika kijiji chenye nyumba 60? Kadiri kijiji kinavyokuwa kidogo, na ugonjwa unavyokuwa wa nadra, ndivyo tahadhari inavyotakiwa kuwa kubwa. Na habari zikishawekwa wazi kwa kila mtu, hakuna awezaye kuzirudisha zote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Uliza kabla ya kutia sahihi

Je, basi tukatae utafiti wote? Hapana. Tukikataa, tutarudi kwenye miaka ile 17. Na tukikubali bila kuuliza, tutamrudia mama wa pacha. Njia ya katikati ni kuuliza, na sheria iko upande wako. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inataka mzazi au mlezi akubali kabla habari za mtoto hazijatumiwa.

Mtafiti akija kwako, muulize haya, naye akujibu kwa lugha unayoielewa:

1. Mnatafuta nini, na ni nani aliyewapa kibali?
2. Habari zangu na damu ya mtoto wangu zitawekwa wapi, na kwa miaka mingapi?
3. Je, mtawapa watafiti wengine? Zitawekwa wazi kwa kila mtu, au mtu ataomba kwanza?
4. Mbali na jina, ni nini kingine kinachoweza kunitambulisha, na mtakifichaje?
5. Nikikataa, au nikibadili nia baadaye, je, mtoto wangu ataendelea kutibiwa kama kawaida? Jibu la swali hili ni moja tu: ndiyo.
6. Mkimaliza, mtarudi kutuambia mliyoyapata?

Usione haya kuuliza. Kama hujui kusoma, omba usomewe mbele ya mtu unayemwamini. Kama unataka kwanza kuzungumza na mzee wa nyumbani au na mama yako, sema utarudi kesho. Mtafiti mwema atangoja.

Namalizia kwa mama wa pacha. Ilichukua miezi, na ziara nyingi, mpaka akarudi kliniki. Pacha wakapata chanjo yao ya surua, ingawa kwa kuchelewa. Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine walifika, nami nilidhani atatoroka. Alikaa akasikiliza. Kisha akauliza maswali mpaka kijana aliyeshika fomu akatokwa na jasho. Mwisho alikubali hesabu za watoto wake zitumike na kushirikishwa kwa watafiti wengine, ila akataka kijiji kisitajwe, wala habari ya pacha isiandikwe. Yule kijana akampigia simu mkubwa wake, wakakubaliana, na fomu ikarekebishwa.

Wakati wa kuondoka alinipita mlangoni akasema, "Sista, mimi sikatai kusaidia. Nakataa kusaidia bila kuulizwa."

Mambo ya kukumbuka

Habari za watoto wengi zikiwekwa pamoja huonyesha dawa inayookoa na ile inayodhuru.
Kufuta jina peke yake hakutoshi kuficha siri ya mtu.
Una haki ya kuuliza, ya kukubali, ya kukataa na ya kubadili nia, na mtoto wako hatanyimwa matibabu.
Kutoshiriki utafiti si sababu ya kukosa kliniki. Chanjo za mtoto ziendelee kwa tarehe zake.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Je, kuna mtu katika kikundi chenu aliyewahi kushiriki utafiti? Alielezwa nini, na matokeo yaliletwa?
Katika kijiji chenu, ni mambo gani yanayoweza kumtambulisha mtu hata kama jina lake halikutajwa?

Mpaka kipindi kijacho, mwenyezi Mungu awalinde ninyi na watoto wenu. Kwaherini.